Gitaa Lililokaa Mahali pa Hellen

Watu wakisema Wahaya tunajisifu, mimi huwa sibishi, naongeza tu sauti. Kwa hiyo nianze na sifa zangu. Aibu yangu itafuata, na mtaona wenyewe kwamba ilitoka humohumo kwenye sifa.

Naitwa Bagenda. Napiga gitaa la solo, la rizimu na la besi. Napiga kinanda. Nikikaa kwenye dramu, mwenye dramu zake huanza kuona kiu na kwenda kutafuta soda. Mwaka 1981 niliingia Ghuba Jazz, bendi ya shirika moja la umma hapa Mwanza, nishike besi kwa wiki mbili tu kwa sababu mtu wao alikuwa anaumwa. Alipopona, mtu wa rizimu akaenda Nansio kumzika baba yake, nikashika rizimu. Aliporudi, nilikuwa nimeshaijua solo ya nyimbo zote kumi na nne. Kiongozi wa bendi alikuwa na swali moja kwangu: "Bagenda, hii utaiweza?" Na mimi nilikuwa na jibu moja. Hata nisichokiweza nilisema nakiweza, kisha nikajifungia ndani siku mbili na kutoka nikiwa nakiweza kweli. Miaka kumi na moja ya bendi haikunisikia nikisema siwezi.

Mwaka 1992 serikali ilipoanza kuyaachia mashirika yake, letu likawa miongoni mwa yaliyofungwa mapema. Barua ya kufunga ilitaja magari, ilitaja mashine, ilitaja mpaka viti vya kantini. Bendi haikutajwa. Tulijua tumekwisha siku tuliyokuta mlango wa chumba cha mazoezi umepigwa kufuli jipya. Mtu wa besi akaenda kuuza mitumba, mpiga dramu akarudi kwao Misungwi kulima, mwimbaji wetu akakimbilia kwenye dhahabu na hatukumsikia tena. Wote walinionea huruma mimi, eti nitakula nini na vidole vyangu.

Mafao yangu yote niliyatia kwenye mashine. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anakwenda Dubai kila mwezi aliniletea mashine ya kurekodia ya njia nne. Nieleze, maana kisa hiki hakieleweki bila mashine hiyo. Inatumia kaseti ya kawaida, lakini utepe wake inaugawa mara nne. Njia ya kwanza unaweza kuweka ngoma na besi, ya pili sauti ya kiongozi, ya tatu kwaya, ya nne gitaa. Kila njia inasimama peke yake. Unaweza kuifuta moja ukaacha tatu, ukajaza kitu kingine palepale. Kwa mtu mmoja anayepiga vyombo vyote, mashine hiyo ilikuwa bendi nzima isiyochelewa mazoezini.

Nilikodi chumba Mabatini, nikapigilia ukutani trei za mayai na magodoro mawili ya zamani. Mke wangu, Mama Justa, alisema tumehamia kwenye banda la kuku. Lakini kazi ilikuja. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila duka lilikuwa na redio kaseti mlangoni inayopiga kelele, na kila mtu alitaka sauti yake iwe humo. Na waliotaka zaidi ya wote walikuwa wanakwaya. Mwanza ile ilikuwa na kwaya nyingi kama ilivyo na mawe. Mimi ni Mkatoliki, lakini nilirekodi Walutheri, Wasabato, Wapentekoste, na kila mmoja alidhani nimekaribia kuokoka.

Mwaka 1994 akaja Mwalimu Mashimba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya ya vijana ya kanisa moja la hapa mjini. Jina la kanisa sitalitaja, maana wengi wao bado wanaimba pale. Msukuma mrefu, mpole, mtunzi hodari. Mimi nilimwita Ngosha, kama Wasukuma wanavyoitwa, yeye aliniita Nshomile, yaani Mhaya mwenye kujiona msomi, tukapatana tangu siku ya kwanza. Alikuwa na nyimbo nane, na wa nane uliitwa "Mafuta Yameniishia". Ni wimbo wa wale wanawali waliokwenda kumpokea bwana arusi wakaishiwa mafuta ya taa, wakafungiwa mlango. Kwaya zote huwa zinaimba jambo hilo kwa kuonya, kama mtu anayemnyooshea mwenzake kidole. Kwenye wimbo wa Mashimba kwaya ilikuwa ndani ya nyumba ya arusi, na kiongozi wa wimbo alikuwa nje, anagonga.

Kiongozi huyo alikuwa Hellen. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mtu wa Sengerema, fundi cherehani aliyekuwa amekodi kona ya baraza pale Kirumba. Alikuja studio na futi kamba yake ya kupimia bado iko shingoni. Nilimweka peke yake mbele ya kipaza sauti, nikawasha njia ya pili, na akaimba mara moja tu tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nimesikia waimbaji wengi. Huyu alikuwa kama mtu anayezungumza na mlango. Hakupaza sauti mahali ambapo wote hupaza. Kwenye ubeti wa tatu, anaposema "mafuta yameniishia njiani, si kwamba sikukupenda", alikata pumzi katikati ya neno, akanyamaza kidogo, akamalizia. Mashimba alikuwa amesimama karibu na mlango, akageuka akaelekea ukutani. Nilimwambia Hellen turudie mara ya pili kwa usalama.

"Nimechoka, kaka Bagenda," alisema. "Kama hiyo haifai, basi."

Ilifaa. Ilifaa mpaka ikaniudhi. Nilikuwa nimeandaa solo ya gitaa ya wimbo ule, solo nzuri, niliyoifanyia kazi wiki nzima. Baada ya sauti ile haikuwa na pa kukaa. Popote nilipoiweka ilionekana ni mtu anayekatiza mazungumzo ya wakubwa. Nikaipunguza, nikaipunguza tena, mwisho nikabaki na noti nne mwanzoni na noti nne mwishoni. Roho iliniuma, sitaficha. Ilikuwa mara ya kwanza wimbo kunikataa.

Wiki tatu baadaye, Jumatano asubuhi, Mashimba alirudi akiwa amefuatana na mwenyekiti wa wazee wa kanisa lao, Mzee Ndalahwa. Nilikuwa nimeshamaliza nyimbo zote, nasubiri tu kuzihamishia kwenye kaseti kuu. Uzinduzi ulikuwa umetangazwa, ulikuwa umebaki siku kumi na moja, na mgeni rasmi alikuwa amekubali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Habari za kazi?" Mzee aliketi, akaweka kofia gotini. "Tumekuja na jambo. Binti yetu Hellen ametengwa."

Kwa wasiojua, kutengwa ndio adhabu ya makanisa yale. Hellen alikuwa mjamzito, mume hana, na alipoulizwa mwanaume ni nani alikataa kumtaja. Basi hashiriki meza ya Bwana, anakaa viti vya nyuma, na hasimami na kwaya mpaka siku atakayotubu mbele ya watu wote. Mambo hayo yanafahamika na hayakunishtua. Kilichonishtua ni kile kilichofuata.

"Sasa, sisi wazee tumekaa tukafikili," Mzee Ndalahwa alisema kwa Kiswahili chake cha Kisukuma. "Kaseti ni nini? Kaseti ni kwaya imesimama. Mtu akiiwasha kule Misungwi, kwaya imesimama Misungwi. Binti hasimami na kwaya kanisani. Je, asimame nayo kwenye sebule za watu, kila siku, mpaka lini?"

Hakusema kwa ubaya. Mzee yule alikuwa mtu wa haki, na jambo lile lilimsumbua kweli, nililiona usoni. Mashimba akaingilia haraka.

"Nimemweleza mzee kwamba sauti zikishaingia kwenye mashine zimeingia. Zimechanganyika, hazitoki tena. Kwamba tukitaka kumtoa Hellen itabidi tuifute kaseti nzima, na muda hatuna. Si ndivyo, fundi?"

Akanitazama. Niliuelewa mtazamo ule vizuri sana. Alikuwa amekwishajenga nyumba nzima, anataka mimi nifunge mlango tu. Ningetikisa kichwa, ningesema ndivyo mzee, mashine hizi ndivyo zilivyo, na Mzee Ndalahwa angesema basi, Mungu anajua, na kaseti ingetoka na Hellen ndani yake. Hapakuwa na mtu mwingine Mwanza nzima wa kunikosoa.

"Yaani hata wewe, fundi, huwezi?" aliuliza mzee.

"Mwalimu amekosea kidogo," nilisema. "Kwenye mashine za wengine, labda. Kwangu inawezekana."

Nilisema hivyo. Hakunishikia mtu panga. Nilisema kwa sababu mtu mzima alikuwa ameniuliza kama siwezi, na ulimi wangu ulijibu kama ulivyozoea, kabla mimi mwenyewe sijafika.

"Na pale palipokuwa na sauti yake?" aliuliza mzee. "Patabaki wazi?"

"Nitaweka gitaa."

Mzee alinishukuru mara tatu. Alipotangulia nje, Mashimba alibaki mlangoni. "Nshomile," aliniambia polepole, "ulitakiwa kusema uongo mmoja tu, tena mdogo." Nikamwambia mambo ya kanisa lao hayanihusu, mimi ni fundi. Akatoka bila kuaga. Ngosha hakuwahi kuniita Nshomile tena tangu siku ile.

Siku hizo umeme ulikuwa wa mgao. Upande wetu ulikuwa unakatwa saa sita, na ilikuwa saa nne. Nilisikiliza njia ya pili peke yake, sauti ya Hellen bila kwaya, bila kitu. Niliisikiliza labda mara kumi, gitaa mkononi, namfuata. Anapopanda ninapanda, anapovuta neno ninavuta waya. Nilijifunza kila pumzi yake. Hata ile ya ubeti wa tatu, pale alipokata neno, niliipiga vilevile, nikanyamaza aliponyamaza. Ilipofika saa tano na nusu nilikuwa naye mzimamzima kwenye vidole.

Juu ya meza kulikuwa na kaseti tupu, bado imo kwenye plastiki yake. Dakika sita zingetosha kumnakili Hellen humo na kumweka kwenye droo. Siku zilizofuata niliwaambia watu ni mgao, kwamba niliogopa umeme utakatika. Si kweli. Nilikuwa na nusu saa. Ukweli ni kwamba nilitaka iwepo moja tu, na hiyo moja iwe yangu. Nikabonyeza njia ya pili, nikabonyeza kitufe chekundu, nikapiga. Mashine ile inafuta palepale inaporekodi. Kila noti niliyoiweka, yeye alitoka.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili baada ya ibada. Kanisa lilijaa mpaka nje. Nilikaa mbele na suti, karibu na spika mbili kubwa zilizokodiwa. Nilipogeuka kuangalia watu nilimwona Hellen kwenye benchi la mwisho kabisa, amevaa gauni la kawaida, tumbo limeanza kuonekana. Alikuwa ametulia, karibu atabasamu. Nilimwinamia Mashimba, nikamuuliza kama Hellen ameambiwa.

"Nani wa kumwambia?" alijibu. "Mimi nilishindwa. Wewe ulimwambia?"

Wimbo wa nane ukaanza. Noti zangu nne, kisha kwaya. Hellen aliinua kichwa, kama unavyoinua ukijua jina lako linafuata kuitwa. Likaja gitaa. Watu wakapiga vigelegele, mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa raha, mama mmoja alilia waziwazi. Hellen alibaki ameinua kichwa vilevile ubeti wote wa kwanza, nadhani alifikiri sauti yake itakuja ubeti wa pili. Ubeti wa tatu ulipoanza nilikuwa natazama viatu vyangu. Nilipotazama tena pale nyuma, nafasi yake ilikuwa imekaliwa na mtu mwingine.

Baada ya wiki moja cherehani yake haikuwa tena pale Kirumba. Walisema amevuka na kivuko, amerudi kwao Sengerema.

Na mimi nikapata jina. Sijui niseme vipi bila kujisifu, basi nijisifu: wimbo ule ulipigwa kila mahali kando ya ziwa hili. Kwenye mabasi, kwenye saluni, kwenye redio mpya za watu binafsi zilizoanza kufunguliwa. Watu hawakuuliza kwaya gani, waliuliza gitaa la nani. Wanamuziki walikuja kutoka Bukoba na Musoma, wakitaka "lile gitaa linaloongea". Niliitwa Dar es Salaam mara tatu kupigia watu. Kaseti zaidi ya arobaini zilitoka mikononi mwangu kati ya 1995 na 1997, na karibu kila moja mteja aliniomba nifanye kama kwenye "Mafuta Yameniishia". Nami nilifanya. Nilishika gitaa, na vidole vikaanza kuvuta pumzi za mtu mwingine. Nilipojaribu kupiga kama nilivyokuwa napiga zamani, nilisikia mtu wa kawaida tu, hodari wa vyombo vingi, asiye na neno.

Siku moja Mama Justa alikuwa anapika, redio ikaupiga wimbo ule. Nilimwona anaacha kukoroga, anaifuata redio na kuizima.

"Si ndio unaotulisha huo?" nilimuuliza.

"Baba Justa," alisema, "msichana wa watu umemtoa nje, halafu ukavaa nguo zake ukaenda nazo mjini. Mimi nikiusikia naona haya."

Nilimkasirikia siku mbili. Hasira ilipoisha aibu ilibaki palepale.

Agosti 1997 Hellen alikuja. Nilikuwa nimehamia chumba kikubwa zaidi, karibu na barabara, na sasa nilikuwa na mazulia ukutani badala ya trei za mayai. Alisimama mlangoni amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi. Amekonda. Shingoni alikuwa na kovu refu lililolala. Alifungua mdomo kunisalimu, na kilichotoka hakikuwa sauti. Ilikuwa kama mtu anayesugua kuni kwenye sakafu.

"Ni tezi la shingo," alinieleza, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Lilikuwa linaniziba pumzi. Madaktari waliniambia mapema, wakilitoa, sauti inaweza isirudi. Nikasema toeni. Nina mtoto."

Nilimkaribisha, nikamwita Mama Justa alete chai. Nilikuwa nasubiri anitukane. Nilitamani anitukane. Yeye akamwangalia mtoto wake, aliyekuwa amelikodolea macho gitaa langu.

"Huyu ni Sharon," alisema. "Majirani wanamwambia mama yako alikuwa anaimba, kwaya nzima ilikuwa inamfuata. Anadhani wananitania. Ananiambia, mama wewe huna sauti. Jana ameniuliza kama nilizaliwa hivi." Alimeza mate kwa shida. "Kaka Bagenda, sikuja kwa ugomvi. Kwenye kaseti mliniondoa, sawa, yamepita. Lakini najua nyie mafundi mnaweka. Ile niliyoimba mwanzo. Nataka mtoto aisikie mara moja tu, ajue."

Nilikuwa na nafasi ya pili ya kusema neno ambalo sikulisema mbele ya Mzee Ndalahwa. Sina. Siwezi. Niliifuta mimi mwenyewe, kaseti tupu ikiwa juu ya meza. Nilimtazama mtoto, nikamtazama yeye na lile kovu.

"Ipo," nilisema. "Imo kwenye maboksi, nilihama. Njoo Jumamosi ijayo."

Mama Justa alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliwapa wageni chai kwanza. Walipoondoka aliniambia, "Safari hii sijui utatumia chombo gani."

Nilijua. Pale Mlango Mmoja, kwenye soko la mitumba, kulikuwa na binti anaitwa Winnie aliyekuwa anauza nguo za watoto na kuimba huku akizikung'uta. Nilishawahi kumtumia kwenye viitikio. Sauti yake ilikuwa ya jamii ileile ya Hellen, nyepesi juu, na uzito kidogo chini. Nilimchukua siku nne mfululizo, kila asubuhi kabla hajafungua robota lake la nguo. Nilimpigia gitaa nikamwambia anifuate. Nilichomnyang'anya mtu kwa vidole nilikirudisha kwa vidole, pumzi kwa pumzi, kwenye koo la mtu mwingine.

"Hapa kwa nini nakata neno?" Winnie aliniuliza kwenye ubeti wa tatu.

"Kwa sababu umechoka," nilimwambia. "Una mimba, na hujamwambia mtu."

Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, lakini aliporudia alikata vizuri. Siku ya nne nilimrekodi kwenye njia ya pili, juu ya kwaya ileile ya Mashimba. Nilipoisikiliza nywele zilinisimama. Nilijipongeza, Mungu anisamehe. Nilijiambia hata mama mzazi wa Hellen asingeitofautisha.

Jumamosi walikuja saa saba mchana. Hellen aliketi kwenye kochi, Sharon mapajani. Nilisema nimeipata, ilikuwa chini kabisa ya boksi, na sauti yangu haikutikisika. Nikaweka kaseti, nikawasha.

Noti nne. Kwaya. Kisha Winnie akaanza kugonga mlango.

Neno la kwanza lilitosha. Hellen aliinua macho akanitazama, na nikajua kwamba amejua. Hakukasirika, hilo ndilo lililonivunja. Alinitazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyejikojolea, unapotaka kumsitiri asijue kuwa umeona. Niliweka kidole kwenye kitufe cha kuzima. Nilikuwa nakwenda kusema, nawaambia kweli, maneno yalikuwa yameshafika mdomoni.

Sharon akageuka mapajani. "Mama. Huyo ni wewe?"

Ubeti wa pili ulikuwa umeanza. Hellen alinitikisia kichwa nisizime. Akamtazama mtoto.

"Ndiyo," alisema kwa lile koo lake lililochubuka. "Ni mimi."

Mtoto alishuka, akaenda akasimama mbele ya spika, karibu kabisa, mdomo wazi. Ubeti wa tatu ulipofika, pale neno linapokatika, alishika kifua chake mwenyewe na kusubiri, na lilipomaliziwa akacheka. "Tena," alisema. Niliurudisha. "Tena." Niliurudisha mara nne. Mara zote nne Hellen alikaa ameinamisha kichwa, na midomo yake ilikuwa inafuata maneno bila sauti. Mara mbili ilitangulia kidogo mbele ya Winnie, mahali ambapo gitaa langu la miaka mitatu iliyopita, kumbe, lilikosea. Mimi niliyejisifu kwamba nilimchukua mzimamzima.

Mama Justa alimwita mtoto nje akampe ndizi. Tukabaki wawili. Nilimpa Hellen kaseti.

"Hellen," nilianza, "ile yako, siku ile..."

Aliinua kiganja. Hakutaka kusikia, au alikuwa ameshasikia yote. Alifungua mkoba, akaitia kaseti ndani, akaufunga zipu polepole.

"Huyu binti anaitwa nani?"

"Winnie. Anauza mitumba pale Mlango Mmoja."

"Anaimba vizuri." Alipumzika, akavuta hewa. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaenda mpaka mlangoni. Kivuko cha saa tisa kilikuwa hakimsubiri mtu. Pale mlangoni aligeuka.

"Kaka Bagenda," alisema, "huyo usimfute."